Lori la Saba

Jumanne ile mume wangu alitoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo, kiti cha kukunja begani, chupa ya chai mkononi. Mama yake, ninayeishi naye mpaka leo, alimsindikiza kwa maneno kama kawaida.

"Miaka yote ile ya shule, halafu unalipwa kuhesabu magari. Hata mbuzi wa jirani angeiweza."

"Mbuzi hana kidole cha kubonyeza, mama."

"Ana ulimi. Angelamba."

Akacheka, akafunga mlango. Saa tatu kasoro dakika nane aligongwa na lori, na saa tatu ilipogonga hakuwa nasi tena.

Kazi yake nitaieleza, maana watu wengi hawajui kama ipo. Mtu akitaka kujenga jengo kubwa, ofisi ya mipango miji inataka kujua kwanza litaleta magari mangapi na litaharibu mazingira kiasi gani. Basi wanatumwa wahesabuji kwenye makutano ya karibu, wahesabu magari yanayopita sasa, ndipo wataalamu wajumlishe yatakayokuja. Safari hii lilikuwa jengo la ghorofa kumi na mbili, maduka chini, nyumba za kuishi juu, kwenye makutano ya karibu na kwetu. Walikuwa wawili: mume wangu upande wa zahanati, akihesabu yanayokwenda moja kwa moja, na mwenzake upande wetu, akihesabu yanayokata kushoto. Mwenzake huyo wanamwita Kobe kwa sababu anaandika polepole. Kila mmoja alikuwa na ubao wenye vimashine vinne vya kubonyeza: gari dogo, basi, lori, pikipiki. Kila baada ya robo saa wanaandika, wanarudisha sifuri, wanaanza tena.

Fomu haikuwa na mahali pa mtu anayetembea. Jumatatu jioni nilimkuta mezani na rula, anachora safu ya tano pembeni kwa penseli. Nikamuuliza ya nini.

"Ya mama," alisema.

Mama mkwe ana kidonda mguuni. Kila Jumatatu na Alhamisi huvuka barabara kwenye kivuko cha pundamilia kwenda zahanati kubadilishiwa bandeji. Mume wangu akaniambia kwamba kwenye tathmini zile kinachopimwa ni kitu kimoja tu: gari linasubiri sekunde ngapi. Likisubiri sana, jengo limeharibu mazingira. Likisubiri kidogo, halijaharibu.

"Sasa mama anavuka kwa sekunde arobaini," alisema. "Kwenye hesabu yao mama ni foleni. Mtu akitaka ripoti ipendeze, anaondoa kivuko. Nimeyaona makutano mawili yakifanywa hivyo. Nataka safari hii pawe na idadi ya watu, washindwe kusema hawakujua."

Nilicheka. Mama mkwe kuitwa foleni, nani asingecheka?

Siku ya pili yake penseli ilivunjika ncha. Taa nyekundu ilikuwa imeyasimamisha magari ya upande wake, akavuka pundamilia kwenda kuchukua penseli ya Kobe. Lori likakata kushoto. Zaidi ya hapo sielezi.

Wiki ya saba baada ya mazishi kulibandikwa tangazo kwamba ripoti iko tayari na wananchi waje ukumbi wa manispaa kutoa maoni. Mama, niliyekuwa nimemsimulia hofu ya mume wangu kuhusu kivuko, akaniambia, "Nenda, mwanangu. Waambie mimi sina mguu wa kuzungukia." Nilikwenda kwa ajili ya kivuko chake, sikwenda kwa lingine.

Ripoti iliwekwa kwenye meza karibu na mlango. Nikafungua, nikitafuta kazi ya mume wangu. Ukurasa wa thelathini na moja uliandikwa hivi: "Hesabu ya Jumanne haikutumika kwa sababu siku hiyo haikuwa ya kawaida. Hesabu ilirudiwa wiki iliyofuata."

Nikasoma mara tatu. Nilikuwa nimejiandaa kulikuta jina lake, hata kutolikuta. Hilo la siku isiyo ya kawaida sikuwa nimejiandaa nalo. Chini yake waliandika kwamba kivuko kikiondolewa, gari litasubiri sekunde thelathini na saba badala ya hamsini na nane, na kwa hiyo athari za jengo kwa mazingira si kubwa.

Zamu yangu ilipofika nikauliza Jumanne imeenda wapi. Aliyejibu ni mhandisi wa manispaa, mwanamke wa umri wangu, sauti ya upole.

"Dada, siku ya ajali barabara inafungwa. Siku ile ilifungwa kwa muda wa saa moja na nusu. Tukiiingiza, inaharibu wastani."

Mzee mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Mhandisi, huyo ni mjane wa marehemu."

Mhandisi akaweka kalamu chini. "Nisamehe. Sikujua."

"Si wewe uliyemgonga," nikasema. "Nauliza watu wanaovuka. Wako ukurasa wa ngapi?"

Akafunua kurasa, ingawa nadhani alijua. "Hawapo. Kipimo hiki hakiwahesabu. Kuna kipya kinakuja. Tutapima wakazi wa jengo wataendesha kilomita ngapi, siyo sekunde za kusubiri. Kwa kipimo hicho, mtu anayevuka kwa miguu ni faida."

"Kinaanza lini?"

"Januari. Ombi la jengo hili liliingia Novemba."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akatangaza mapumziko.

Kobe alinifuata koridoni na bahasha kwapani. Hakuwa ameniangalia usoni tangu mazishi.

"Shemeji, safu yake ya penseli ninayo. Niliokota mbao zote mbili. Mpaka robo ya mwisho aliyoandika, watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wamevuka."

Nikanyoosha mkono. Hakuitoa.

"Karatasi yake imebanwa pamoja na yangu. Ukiipeleka, na yangu itasomwa. Bora uisikie kwangu." Akanionyesha mstari wa chini wa karatasi yake. Malori yanayokata kushoto: saba. "Hilo la saba ndilo."

"Ndilo lipi?"

"Shemeji, nilikuwa namtazama. Nililiona linakata. Nikabonyeza." Alikuwa ameinua kidole gumba chake, anakiangalia kama cha mtu mwingine. "Ndipo nikapiga kelele. Kwanza nilibonyeza."

Niliitazama ile saba mkononi mwake.

"Miaka kumi na mmoja nafanya hivi," alisema. "Kidole hakiniulizi tena. Na jioni nikaijaza fomu, maana ilitakiwa."

"Angekusikia?" Hilo ndilo lililonitoka.

"Sijui. Honi zilikuwa nyingi. Sijui, shemeji."

Tulisimama pale mpaka watu wakaanza kurudi ndani. Nikachukua karatasi zote mbili, sikuzitenganisha, nikampelekea mhandisi. Alizisoma zote. Alipofika kwenye ile saba, Kobe akamweleza mwenyewe, na mhandisi akairudia karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, watu wakidhani anapiga mahesabu.

"Ni siku iliyofutwa," alisema mwishoni, "na safu yenyewe haimo kwenye fomu. Siwezi kuiingiza kwenye hesabu. Naweza kuiambatisha kama maoni ya mwananchi."

"Iambatishe."

Aliiambatisha. Ni ukurasa wa mwisho kabisa, mwandiko wa mume wangu wa penseli umefifia kwenye nakala, lakini ukiinamia unasomeka. Idhini ya jengo ilitoka wiki tatu baadaye.

Jumapili moja asubuhi mafundi wawili walikuja na rangi nyeusi, wakapaka juu ya mistari myeupe, kisha wakachomelea uzio wa chuma katikati ya barabara. Mama aliwatazama dirishani mpaka walipomaliza.

Kutoka mlangoni kwetu hadi zahanati ni mita mia mbili na kumi. Siku hizi kila Jumatatu na Alhamisi tunapanda teksi. Inakwenda hadi kwenye mzunguko wa barabara kule relini, inageuka, inarudi. Dereva anasema ni kilomita tatu na nusu.