Carte Iliyopakwa Mavuta

"Linux yako imekufa, Mama Kahambu," Gentil akaniambia, huku anacheka. Gentil anauza simu kwa mulango unaofuata wangu, na tangu nitoe Windows, niweke Linux kwa ordinateur, ile kompyuta ya boutique yangu hapa Sake, anangojea siku itanihaibisha.

"Funga kinywa," nikamujibu. "Linux haifi hivyo."

Mbele yetu alisimama Nyirakamana, mama wa kufuga ngombe kutoka Kalembe. Vita ilipoingia kwao, kila mutu alikimbia na njia yake, na mutoto wake Gisubizo akapotea humo. Sasa gari ya wale wanaotafuta watoto waliopotea ilikuwa kwa rond-point ya barabara, moteur imewaka, inaelekea Minova, kule wakimbizi wengi walifikia. Chauffeur alisema wazi: bila foto, watamutambua namna gani? Foto ilikuwa moja tu, ndani ya carte mémoire ndogo kama ukucha. Simu yenyewe ilibaki kwa wenye bunduki wa barrière, pale wanafunga njia.

Nikatia carte ndani ya lecteur, kile kifaa ordinateur inasomea carte. Kimya. Nikaitoa, nikairudisha. Kimya tu.

"Weka Windows," Gentil akasema.

Mawee! Nilikasirika kabisa. Linux ukiiuliza vizuri inakuambia kila kitu inaona, na kuuliza haiko ujinga. Nikafungua ile dirisha nyeusi ya kuandikia amri, nikauliza. Jibu ikakuja: lecteur inaonekana, iko nzima, lakini ndani yake hakuna carte. Nikatia carte yangu mwenyewe. Palepale nyimbo zote za kwaya ya paroisse zikajipanga. Nikamuangalia Gentil. Yeye akaanza kuangalia barabara.

Basi ugonjwa uko kwa carte ya mama. Nikaishika, ikaniteleza. Nikainusa.

"Mama, hii carte ulificha wapi?"

"Ndani ya kibuyu ya mavuta ya ngombe," akasema. "Kwa barrière walitupekua mpaka ndani ya nywele. Lakini nani atatia mukono ndani ya mavuta ya zamani?"

"Akili nzuri! Na kisha ukaipanguza?"

"Nilipanguza, nikaipaka mavuta ingine kidogo." Alinishangaa. "Kwetu kamba tunapaka, kibuyu tunapaka, mutoto tunapaka. Kitu unapenda, unaiacha ikauke?"

Nilitaka kucheka, roho ikanikataza.

"Gentil, kimbia, lete kanyanga!"

"Asubuhi hii? Mukristu kama wewe?"

"Kimbia!"

Ile pombe kali nikaitia kwa pamba, nikasugua carte mpaka shaba yake ikang'aa, nikaiacha ikauke, nikairudisha. Dirisha nyeusi ikaandika mustari mupya: carte imeonekana.

"Njo hiyo!" nikapiga kelele.

Imprimante ikatoa foto: Gisubizo amesimama pembeni ya ndama, anacheka, jino la mbele halipo. Gentil akainyakua, akatoka mbio mpaka rond-point, anapiga gari makofi ubavuni. Tuliona chauffeur anainama dirishani, anaipokea, anatikisa kichwa kukubali. Gari ikaondoka nayo.

Niliporudi kwa ordinateur, nikaona kumbe ile carte iko pia na video moja fupi. Nikaifungua bila kufikiri. Sauti ya mutoto ikajaa boutique.

"Mama, angalia! Ninakamua mwenyewe! Angalia!"

Nyirakamana akakaa juu ya casier tupu ya chupa za bière, uso karibu na écran.

"Naangalia, Gisubizo," akamujibu. "Naangalia, mwanangu."