Herufi Zilizopigwa Msasa

"Baba, umezifanya nini?"

Mzee mpiga chapa alikuwa bado anatabasamu, kitambaa mkononi, akingoja sifa. Mezani herufi zake kubwa za mbao zilijipanga safu kwa safu, safi, kama zimetoka kwa fundi jana.

"Nimezipiga msasa. Siku tatu nzima! Si ulisema unazipiga picha ziingie kwenye kompyuta, watu dunia nzima waziandikie? Sasa nikutolee vitu vina makovu, tuaibike?"

Binti yake aliiokota K, akapitisha kidole ukingoni. Hapo ndipo alipoing'ata alipoanza kuota meno, akiwa amekalishwa chini ya meza hiihii. Palikuwa laini kabisa.

Maskini mzee wa watu! Mashine yake ya chapa ilishakwenda chuma chakavu, na banda lenyewe lilikuwa linabomolewa mwisho wa mwezi. Alichobaki nacho ni herufi hizi, na ahadi ya bintiye kwamba zitaishi kwenye kompyuta hata yeye akiondoka. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa usingizi.

"Herufi laini zimejaa tele, Baba," binti alisema taratibu. "Nilizitaka zako kwa sababu ya makovu."

"Si ungesema!"

"Sikujua kama ni jambo la kusema."

Mzee aliketi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mbao iliyosagwa ndiyo imekwenda hivyo. Alijiona mjinga, tena mjinga mzee.

"Nitayachora makovu upya," binti alisema, akifungua kompyuta. "Wewe nionyeshe yalipokuwa. Si ulikuwa unatamba unazijua zote kwa kupapasa?"

"Nazijua kuliko nilivyomjua mama yako. Na mwenyewe alinilalamikia hivyo hivyo."

Walicheka kidogo. Wakaanza.

"A ina ufa, mguu wa kushoto. Hapana, kulia kwako. Mbao husomwa kinyume. Iliniponyoka tukichapa bango la fainali. Vuta zaidi. Hapo hapo!"

S ilikuwa imeliwa na panya tumboni. Kwenye K binti hakuuliza. Alichora vitobo vinne vidogo mwenyewe, akapitiliza.

Ikafika M. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote, maana hakuna tangazo la msiba alilolichapa bila neno MAREHEMU. Mzee aliinua kidole, akakigusisha kwenye kioo cha kompyuta. Akakiondoa. Akakirudisha.

"Ilikuwa..."

"Polepole, Baba. Hatuna haraka."

Alifumba macho, akaipapasa ile ya mbao kwa dole gumba, juu, chini, kila mguu. Msasa ulikuwa umefanya kazi yake vizuri mno.

"Weka popote," alisema mwishowe.

Binti hakuweka. Walikaa bega kwa bega, wakiitazama M nyeusi kwenye kioo, nzima, isiyo na hata mkwaruzo.