Chungu cha Kaburi la Tatu

Chungu kiligawanyika vipande viwili mikononi mwa Mama Brashi, taratibu, bila hata mlio, na hapo ndipo alipouona uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe.

Pale kwenye kambi ya wachimbaji wa makaburi ya kale, uzi mwekundu ulikuwa na maana moja tu: usioshe. Kitu kilichofungwa uzi huo kilipelekwa mezani kwa Mtaalamu na udongo wake ndani, kama kilivyotoka ardhini, kwa kuwa udongo ndio ungeeleza watu wale wa kale walikitumia kuwekea nini. Asubuhi ile aliufungua ili asome karatasi iliyokuwa chini yake, akauvaa mkononi usije ukapotea, kisha mawazo yakamchukua hadi kwenye paa lake linalovuja. Mikono haikungoja ruhusa. Kwa miezi minane haikuwa na kazi nyingine ila kuosha, ikaosha.

Jina la Mama Brashi alipewa na wachimbaji. Walisema akikisugua kigae kwa ule mswaki wake, hata mwenyewe aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita angerudi akakitambua. Yeye alicheka tu. Kabla ya hapo alikuwa mfinyanzi kwa miaka thelathini, mpaka ndoo za plastiki zilipommalizia wateja, na mwaka uliofuata mumewe naye akafariki. Kazi hii ya kuosha vigae ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Kila siku alipolikaribia turubai la kuoshea alishukuru, na hakuona haya kushukuru kwa sauti.

Nyapara alifika kabla hajajua aanzie wapi kueleza. Alikiangalia chungu, akauangalia uzi, akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya, ila chungu kile ndicho pekee kilichotoka kizima msimu mzima. Kilikutwa katika kaburi la tatu, karibu na kichwa cha mtu aliyelazwa kwa ubavu chini ya mwamba ulioinama, mahali pakavu ambapo mvua haikuwahi kufika. Sasa kimeoshwa, na juu ya hayo kimevunjwa. Alimwambia Mama Brashi akusanye vitu vyake, maana kwa hili hata yeye hawezi kumtetea. Kisha, kwa hasira za kutaka kufanya chochote, akainama kulibeba beseni la kuoshea akamwage yale maji machafu.

Mama Brashi alilishika beseni upande wa pili.

"Maji haya hayamwagwi," alisema.

Hata yeye alijishangaa. Lakini mama yake mzazi, aliyemfundisha kufinyanga, alikuwa akimchapa kofi la mkono kila alipomwaga maji ya udongo kabla hayajatulia. Udongo laini hukaa chini, na mfinyanzi hatupi udongo. Tangu utotoni hakuwahi kumwaga beseni ambalo maji yake hayajatulia, na wachimbaji walikuwa wamemtania sana kwa ndoo zake za tope zilizopangwa nyuma ya turubai. Wakabaki hivyo, watu wazima wawili wakivutana beseni, mpaka Mtaalamu alipotokea.

Mtaalamu alikuwa msichana anayelingana umri na kitinda mimba wa Mama Brashi. Misimu mitatu alikuwa akitafuta chungu kama kile. Alipiga magoti kando ya beseni.

"Mama, uzi uliuona?"

"Niliuona, mwanangu. Ninao hapa." Akaunyoosha mkono. "Nimekosa."

Mtaalamu akauliza udongo wa ndani umekwenda wapi, na mfinyanzi akamwonyesha beseni.

Walichuja polepole, kikombe kwa kikombe, kwa kichujio chembamba kuliko cha chai. Kikombe cha nne kikaleta punje. Mtama, mgumu, mweusi kwa umri, lakini mtama mtupu. Mtaalamu alicheka huku machozi yakimlenga, akafungua daftari lake na kuandika, akisoma kwa sauti: chakula cha safari. Watu hawa waliamini kwamba marehemu ana njia ndefu mbele yake, na njiani ataona njaa.

Mtu aliyenusurika kufukuzwa angenyamaza. Mama Brashi hakuweza.

"Chungu hiki hakipiki, mwanangu."

Akaviinua vile vipande viwili. Kingo zake hazikuwa na wekundu wa udongo uliovunjika leo. Zilikuwa zimefifia na kulika. Kando ya ufa kulikuwa na matundu mawili mawili, yaliyotobolewa kwa subira, ya kupitishia kamba. Kilivunjika wakati wenyewe wangali hai, wakakishona. Kamba ilioza, udongo ukakishikilia mpaka alipoutoa yeye. Chungu kilichoshonwa huvuja. Hakiwekwi motoni wala hakitiwi maji. Aliwahi kushona vya namna hiyo, kwa wateja waliokataa kuachana na vyungu vyao. Kazi inayobaki ni moja, kuwekea kitu kikavu.

"Halafu zitazame punje zenyewe," alisema. "Zote kubwa, zote sawa. Nani anachagua punje za kupika moja moja? Mume wangu alichagua hivi kila mavuno, kwa mkono. Hiki si chakula. Hii ni mbegu."

Mtaalamu aliacha kuandika.

"Walimpa mbegu," alisema taratibu.

"Akalime. Waliamini huko anakokwenda kuna shamba."

Nyapara alivua kofia yake, akaishika tu. Mtaalamu alipiga mstari juu ya maneno yake, akaandika upya, kisha akasema kuanzia kesho Mama Brashi atakaa naye mezani, mswaki auache. Nyapara akakohoa, akauliza sasa watamwita nani, Mama Meza? Wakacheka wote watatu, na Mama Brashi akacheka mpaka akalia, kwa maana alikuwa amejaa shukrani na hakuwa na mahali pengine pa kuziweka: kwa binti huyu, kwa kofi la mama yake, kwa mkono ule usiojulikana uliotoboa matundu badala ya kutupa.

Alifika nyumbani jua lingali juu. Kwenye boriti ya jikoni lilining'inia kopo la mumewe, limefungwa kitambaa, halijaguswa kwa misimu miwili. Mara nyingi alikuwa amelitazama akaona ni kitu cha kulilia. Leo alipanda kigoda, akalishusha.

Aliketi kizingitini akamimina kwenye ungo mbegu alizochagua mumewe, uzi mwekundu ukiwa bado mkononi. Zilikuwa kubwa, zote sawa. Moja ikamponyoka, ikadunda hadi uani. Akauweka ungo chini, akapiga magoti mchangani kuitafuta.