Ng'ombe Watano wa Kanze Waenda Kutazama Filamu

Ijumaa saa tisa, Kanze alikuwa juu ya ngazi nje ya bucha la pili kutoka stendi ya Garsen, akimalizia mkia wa ng'ombe mwekundu. Rangi ilikuwa nzito, akaiongezea tapentaini kidogo. Alipomaliza aliteremka, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa ajili ya ng'ombe huyo kama alivyomshukuru kwa wale wanne wa kuta nyingine. Kisha Khalid, mwajiri wake, mwenye kibanda cha mabango, akaja na brashi nyembamba, akaandika chini ya kwato: KHALID.

Kila ukuta ulikuwa hivyo. Kanze alichora, Khalid akatia jina. Kwa miaka sita halikumsumbua, kwa kuwa hakujua kusoma. Lakini tangu Januari alikuwa akihudhuria masomo ya jioni ya watu wazima, na sasa alilisoma. Tangu hapo alimpelekea Mungu ombi moja kila alfajiri: aone jina lake limeandikwa mahali watu wanapopita.

Kesho yake ilikuwa siku ya tamasha la filamu. Garsen ilijulikana kwa wachoraji tangu siku za kivuko, kabla ya daraja, wakati madereva waliokwama wakisubiri mto upungue waliwaomba wenyeji wachore lori zao, siku zisogee. Kwa hiyo filamu zote zilihusu brashi na rangi. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa maturubai, na watu wakaingia mchana kweupe kukaa gizani. Filamu ya mwisho ilikuwa ya kuta za Garsen, na mchoraji wa kuta hizo angepewa kombe.

Filamu ilipofika kwenye mabucha, ng'ombe watano wa Kanze walitoka ukutani, wakavuka barabara, wakaingia kujitazama. Kwa kuwa walichorwa upande mmoja tu, ubavuni walikuwa ng'ombe kamili, na kwa mbele walikuwa wembamba kama kanga iliyoanikwa.

"Walio mbele wakae chini, tafadhali," alisema Ifrah, mwendesha shughuli kutoka Nairobi. "Mnawaziba wenzenu."

Ng'ombe wakalala chini, wakatazama mpaka mwisho.

Taa zilipowashwa, Ifrah aliuliza aliyewachora ni nani.

"Ni mimi," alisema Khalid. "Jina langu liko chini ya kwato."

Watu wakatazama kwato. Jina lilikuwa limebaki ukutani.

Ndipo akasimama Dukicha, mfugaji wa Kiorma ambaye hakosi shughuli yoyote Garsen. Waorma hukata masikio ya mifugo, kila ukoo na mkato wake, na Dukicha huusoma mkato huo akiwa ng'ambo ya mto. Aliwapapasa masikio mmoja mmoja, kisha akajifuta rangi vidoleni.

"Hii yote masikio mazima," alisema. "Nani anachora ng'ombe bila alama?"

"Ni mimi, mzee," Kanze akasema kwa aibu. "Sisi kwetu ni wakulima. Sikujua kama sikio linakatwa."

"Mama, umetuchorea ng'ombe wa wizi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka, Kanze naye akacheka.

Dukicha alieleza kwamba ng'ombe asiye na alama huachiwa, watu wakaona anamfuata nani. Khalid akawekwa mlango huu, Kanze mlango ule. Khalid alipiga mluzi, akapiga makofi, akatoa hata chapati. Kanze alisema tu, "Haya, twendeni," kama alivyozoea kusema nao akikoroga rangi. Wote watano wakamwendea, yule mwekundu akiburuta mkia mbichi juu ya suti ya mgeni wa heshima. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Basi mchoraji ni mama," alisema Dukicha.

"Ni yeye kabisa," alisema Ifrah kwa furaha. Kisha akaligeuza kombe, akalitazama. "Ila jina lilichongwa Jumanne. Na kwenye filamu limeshaandikwa."

Khalid akapokea kombe. Aliwapa watu wote mkono mmoja, ila Kanze alimpa yote miwili. "Tumeshinda, Kanze," alisema, na alisema kwa moyo mweupe.

Ng'ombe walihamia uani kwa Kanze. Wakisimama ubavu kwa ubavu, wote watano hawakuzidi upana wa mlango. Jumapili baada ya ibada Dukicha alikuja kumsaidia kuchagua mkato wake, naye Kanze akauchora kwenye kila sikio kwa brashi. Tangu siku hiyo wafugaji wanaopita huwasalimu kama ng'ombe wa Kanze. Mjini, walio wengi husoma herufi zilizobaki ukutani.

Jumatatu iligundulika kwamba wana maziwa. Mwekundu alitoa rangi nyekundu, mweupe nyeupe, laini, isiyohitaji tapentaini. Khalid alifika asubuhi na mapema na makopo matupu.

"Mungu ni mwema, bosi," alisema Kanze, na aliamini hivyo.

"Mwema sana. Na ile ya kuandikia jina?"

"Hiyo ni nyeusi. Yule mweusi namkamua mwisho, ana haya mbele ya wageni."

Khalid akageukia ukuta, akangoja. Kanze akavuta kigoda, akaweka kopo chini ya kiwele, akaanza kukamua.