Nilipomwita Bibie

Maji yalikuwa yameshafika chini ya meza, na mama wa kijana alikuwa amenyanyua miguu kidogo, kwa adabu, akijifanya anafuata maongezi.

Walikuja kuzungumzia harusi. Binti yangu, muuguzi, alikuwa amempata kijana mpole, mpima ardhi, na siku ile ndiyo wazazi wake walikanyaga kwetu kwa mara ya kwanza. Mke wangu hakuwa amemaliza mwaka tangu atutoke. Mimi ni fundi saa. Nafungua kidude kidogo kuliko punje ya mchele na kukirudisha mahali pake. Lakini nyumba ile ilimsikiliza mke wangu tu. Jiko alilibembeleza, mlango wa jokofu akausukuma kwa nyonga, nami nikicheka kutoka kitini.

Jioni ile hapakuwa na wa kubembeleza. Jiko lilizimika wali ungali mgumu. Kitasa cha msalani kikambakia baba wa kijana mkononi, akatoka nacho, akaniambia, "Mzee mwenzangu, nimekubomolea nyumba." Tukacheka, kicheko cha kusitiriana. Binti yangu hakucheka. Ndipo bomba la chini ya sinki likapasuka.

Nilipiga magoti, nikalikumbatia kwa taulo. Maji yakanipiga usoni. Koki kubwa ya kufungia sikujua iko wapi. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Nikageuza shingo kuelekea chumbani, nikapaza sauti kama nilivyozoea:

"Bibie! Hebu njoo, koki iko wapi?"

Sebuleni vijiko vya chai vilisimama. Nilibaki pale chini, maji yakinichuruzika kidevuni, nisijue nifumbe mdomo au niendelee kuita. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Hakulia. Alinitazama vile anavyowatazama wagonjwa wake kabla ya kuamua.

Jirani ndiye aliyetufungia maji. Tukala mkate na nyama iliyopoa, soksi zimelowa. Baba wa kijana alipokohoa ili aanze maneno yaliyomleta, binti yangu alimtangulia.

"Naomba tusubiri kidogo. Baba bado."

"Mimi niko sawa, mwanangu."

"Najua, Baba."

Kijana aliinamia sahani yake. Mama yake alimshika binti yangu mkono, akaushikilia kitambo, na nikaona kwamba alikuwa anaaga.

Kusubiri kidogo kukazaa kusubiri kwingine. Nilimsihi binti yangu aolewe, nikamgombeza, siku moja nikampakilia nguo zake kwenye sanduku mwenyewe. Alizitoa moja moja, akazirudisha kabatini. Kijana alipata kazi mbali, akaoa hukohuko.

Mimi ndiye niliyempa habari hizo, asubuhi, akijiandaa kwenda zamu. Alimalizia kufunga vifungo vya sare yake, akaniuliza kama nimekunywa dawa.

"Nimekunywa."

Akatoka, akauvuta mlango taratibu ili usije ukanishtua.