Majibu ya Gordon Tveit

Asubuhi ya siku ya nne tangu Gordon Tveit alazwe kwa shambulio la moyo, mashine ya maabara ilinipa majibu yake: mia moja tisini na mbili. Jana yake ilikuwa themanini. Hicho ni kipimo cha uvimbe kwenye damu. Baada ya shambulio la moyo hupanda siku mbili tatu, kisha hushuka. Kikizidi kupanda namna ile, moyo huenda una balaa jingine. Na Tveit alikuwa anaruhusiwa saa sita mchana.

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Miaka kumi na tisa iliyopita Tveit alikuwa msimamizi kwenye mgodi wa chuma hapa kaskazini mwa Minnesota. Baba yangu, Arvid Haugen, alimwendea ameshika kifua. Tveit akamwambia kiungulia hakimzuii mtu kumaliza zamu. Baba hakuimaliza.

Maabarani kuna orodha ukutani ya majibu ambayo ni lazima kumpigia daktari simu. Kipimo hiki cha uvimbe hakimo. Unakiingiza kwenye kompyuta, basi. Daktari atakiona au hatakiona. Mimi hupiga simu hata hivyo. Siku hiyo sikupiga. Nilipanda wodini nimwone akiondoka.

Alikuwa anavaa viatu, mkewe anakunja nguo.

"Umekuja kuninyonya damu tena, dada?"

"Hapana. Mimi Marlys Haugen. Binti wa Arvid, wa mgodini."

Akakuna kidevu. "Arvid... Walipita wengi pale, dada. Simkumbuki."

Nilitafuta uongo usoni mwake, sikuuona. Miaka yote hiyo namchukia, kumbe kwake baba hakuwa hata jina. Akifia nyumbani kesho, atakufa roho yake kwatu, hana linalomsuta.

Sikukubali. Nikainua simu ya wodini.

"Daktari Pruitt, Tveit asitoke. Uvimbe umepanda hadi mia tisini na mbili."

"Mbona hukunipigia mapema?"

"Nimekupigia sasa."

Tveit aliposikia akaketi kitandani. "Umeniokoa, dada. Mungu akubariki."

"Usinishukuru." Nikavuta kiti hadi magotini pake. "Nataka uishi umjue. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuomba akae dakika tano tu, ukamkatalia mbele ya wenzake."

Akatazama mlangoni. Nilikuwa nimeshaufunga.