Noa Anarudishwa Kundini

Noa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona na glasi ya pombe mkononi. Hilo halikumsaidia kitu. Mtaani kwao Makorora mtu akivimba tumbo na macho yakawa ya manjano, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanaulizana alikuwa akinywea wapi.

"Mnazi haufanyi hivyo," mwanamke mmoja alisema kwenye foleni ya maji. "Ile ni gongo."

Yudith, dada yake Noa, alikuwa mbele katika foleni hiyohiyo. Alijaza ndoo yake akaondoka. Alishachoka kueleza, na maelezo yenyewe yalikuwa marefu: kwamba Noa alizaliwa na kinga pungufu, si ya kuambukizwa wala ya kuambukiza, kwamba tangu utoto wao kule Maramba haukupita msimu bila masikio kumtoka usaha au kifua kumbana, kwamba alikuwa na miaka thelathini na minne ndipo daktari wa Dar es Salaam alipompima damu na kuupa ugonjwa jina. Miaka sita baadaye likafuata ini.

"Mwili wako una askari wachache," daktari alimwambia. "Na hao wachache hawana nidhamu. Wameacha lindo, wameingia kwenye ini, wanapiga raia."

"Kama mgambo wa sokoni," Noa akasema.

Daktari alimpa dawa na masharti mawili: asiguse kileo, na asinywee chombo kimoja na watu.

Noa alikuwa fundi wa vyerehani, mtu wa kufuata maelekezo. Kileo hakikumpa shida. Balaa lilitoka kwenye chombo. Kanisani kwao kikombe cha Meza ya Bwana kilikuwa kimoja, kikipita mdomo hadi mdomo na kufutwa kwa kitambaa kilekile. Noa akawa anabaki kwenye benchi. Mara ya kwanza watu walimtazama. Mara ya pili walitazamana. Mara ya tatu hawakuwa na haja ya kutazama: asiyekwenda mezani ana kosa, na kosa la mwenye tumbo lile linajulikana.

"Si umwambie mchungaji?" Yudith alimuuliza.

"Nimwambie kikombe cha Bwana kina vijidudu?"

Ndipo akaja Mzee Castory, mzee wa kanisa wa mtaa wao, na daftari kwapani. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, miaka thelathini. Yudith alimpa kiti. Bi Khadija, jirani yao, alikuwa mlangoni akichambua mchicha, na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Shikamoo, mzee," Noa alisema kutoka mkekani.

"Marahaba. Hali yako?"

"Hali ndiyo hii unayoiona. Sina nyingine ya akiba."

Mzee Castory alikohoa. "Nimekuja kwa upendo. Jina lako limo kwenye waliotengwa. Ukiitwa leo, hakuna mchungaji, hakuna kengele. Tutakuzika kama..."

"Kama mbuzi."

"Sikusema mbuzi."

"Ulikuwa unaelekea huko, mzee."

"Kosa lililoandikwa ni ulevi. Kiri tu, mchungaji aje, urudi kundini. Jambo la dakika tano."

"Lakini hakunywa!" Yudith alisema.

"Mwanangu, mimi sijasema alikunywa. Daftari ndilo linalosema."

Yudith aliinama mbele ya mzee. Mama yao alizikwa Maramba kwa kengele na nyimbo zote, na pembeni yake paliachwa nafasi ya Noa. Yudith alitaka ndugu yake alale pale, azikwe na kanisa, na asizikwe na uongo. Kwa hesabu ya daftari, angeweza kupata kimoja tu. "Mzee wangu, usimkirishe asichokifanya. Hilo ndilo jina litakalobaki."

"Andika, mzee," Noa alisema. "Nimekunywa."

Mkono wa Bi Khadija ulisimama kwenye mchicha.

"Nimekunywa divai. Kijiko kimoja hivi, kila mwezi, tangu kipaimara hadi mwaka jana. Nilikuwa nanywea kanisani, mbele yako. Wewe ndiye uliyeshika kitambaa."

Kalamu ya Mzee Castory ilibaki hewani. "Na kingine?"

"Hakuna kingine. Na hiyo nayo daktari ameikataza, pamoja na kikombe cha watu wengi. Ndiyo maana siji mezani."

Mzee alilivuta daftari karibu. Angeweza kukasirika, na Yudith alijiandaa kwa hilo. Lakini karani wa mizani haandiki anachodhani; anaandika mizani inachosema. Aliandika neno kwa neno, akauliza habari za ini, akaandika na hizo, akamsomea Noa, akampa atie sahihi.

Mchungaji alikuja Alhamisi. Alisoma ukurasa ule, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Hili ndilo kosa?"

"Ndilo alilokiri," alijibu Mzee Castory.

Mchungaji alimpa Noa mkate peke yake. Kikombe alikisogeza karibu tu. Noa alinusa.

"Basi leo nimeacha rasmi," alisema.

"Hongera, mwanangu," Bi Khadija alisema kutoka mlangoni. "Sisi wengine hata hatujaanza."

Siku kumi na tisa baadaye, kabla ya adhuhuri, mshipa ulipasuka kooni mwa Noa. Yudith alimshika kichwa juu ya beseni. Haikuchukua muda. Baadaye aliliosha lile beseni mara tatu, ingawa lilikuwa limeshatakata mara ya kwanza.

Walimpeleka Maramba. Wasifu wa marehemu uliandikwa na kamati, na mwisho wake ulisema: "Alisumbuliwa na ini." Yudith aliomba kiongezwe kifungu kimoja. Kamati ilisema muda hautoshi. Alipousikia ukisomwa kando ya kaburi aliona watu wakitikisa vichwa, kila mmoja akijimalizia sentensi kimoyomoyo.

Kisha Mzee Castory akasimama. Kazi yake ilikuwa kutamka tu kwamba marehemu alirudi kundini. Alifungua daftari.

"Kosa: divai ya Meza ya Bwana. Kiasi: kijiko kimoja kwa mwezi, miaka ishirini na minne. Mahali: kanisani. Shahidi: mimi. Sababu ya kuacha: upungufu wa kinga aliozaliwa nao, ulioharibu ini. Kosa jingine: hakuna." Akageuza ukurasa, kuhakikisha. "Hakuna."

Bi Khadija akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya ukaya aliojitanda kichwani, akachelewa. Kicheko kilipita nyuma hadi kwa vijana wenye majembe. Mchungaji alitazama viatu vyake. Kengele, ambayo ni rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa, ikagongwa.

Juma lililofuata Yudith alirudi kwenye foleni ya maji. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema, "Pole, dada. Kumbe ilikuwa kinga."

"Ilikuwa kinga."

"Na ini?"

"Na ini."

Foleni ikasogea. Yudith akaisukuma ndoo yake mbele kwa mguu.